Mashine ya Boti Ikigoma Kiangazi: Dalili na Sababu kwa Wenye Boti Ndogo za Ziwa Nyasa na Mtera

Kiangazi kikishika, kuanzia Juni mpaka mvua za mwisho wa mwaka, boti ndogo za Matema, Itungi na bwawa la Mtera hazipumziki. Wageni wanashuka kutoka Mbeya na Iringa kuogelea na kuzunguka ziwa, wavuvi wa usipa wanatoka usiku, na akina mama wa kijiji cha Ikombe wanasafirisha vyungu kwenda kuuza. Ndicho pia kipindi ambacho mashine hugoma zaidi. Jua linapasha tangi, maji yanapungua na kuacha mchanga na visiki karibu na propela, na petroli inakaa wiki nzima kwenye dumu ikisubiri abiria.

Maelezo haya ni ya mashine za petroli za kupachika nyuma ya boti, hasa zile za kuchanganya petroli na oili, za nguvu ya farasi 8 hadi 40. Nimeyapanga kwa dalili, maana mtu aliye katikati ya maji haoni sababu. Anachoona ni dalili tu.

Kabla ya spana, nanga

Mashine ikizima, wengi wanarukia kamba ya kuwashia na kuivuta mpaka bega linauma, huku boti inapelekwa na upepo. Shusha nanga kwanza. Ziwa Nyasa limelala kaskazini kwa kusini kwa urefu wa zaidi ya kilomita 550, na upepo wa kusini-mashariki unaovuma sana kati ya Mei na Agosti, ambao watu wa ziwa wanauita mwera, unayasukuma mawimbi urefu wote huo mpaka mwisho wa kaskazini. Mwisho wa kaskazini ndiko Matema na Itungi zilipo. Ina maana boti iliyozima huko inasukumwa nchi kavu. Ukiwa mbele ya ufukwe wa mchanga, hiyo ni nafuu. Ukiwa upande wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone, unapelekwa kwenye mawe.

Na huko kwenye mawe nanga haisaidii sana. Mlima unaingia ziwani moja kwa moja, na kina kinashuka haraka. Ziwa hili sehemu yake ya kina kirefu inafika mita 700 hivi. Kamba ya mita 30 inaning'inia tu bila kugusa chini. Kwa hiyo ukielekea Ikombe usiambae na mawe. Acha nafasi ya kutosha kupiga kasia, na makasia yenyewe yawemo ndani ya boti, si nyumbani. Nanga ikikosa chini, funga ndoo imara kwenye kamba ndefu, fungia kamba hiyo kwenye omo, yaani mbele ya boti, kisha tupa ndoo majini. Ndoo itajaa na kuvuta, omo itaelekea kwenye mawimbi, nawe utapata utulivu wa kufungua boneti bila boti kulala ubavu.

Abiria wote wawe wamevaa maboya kabla hujashika chochote. Hilo halina mjadala.

Mashine haiwaki kabisa

Angalia kamba ya kuzimia, ile nyekundu inayofungwa mkononi au kwenye boya la nahodha. Ikichomoka kidogo tu kwenye kitufe chake, hakuna cheche. Halafu angalia gia: nyingi haziwaki mpaka ziwe nyutro. Halafu bonyeza pampu ya mpira iliyo kwenye mpira wa mafuta mpaka iwe ngumu mkononi. Mambo haya matatu hayahitaji spana, na ndiyo yanayomaliza kesi nyingi.

Kama imegoma bado na unasikia harufu kali ya petroli, umeilewesha, yaani petroli imezidi ndani. Hutokea sana mtu akivuta choki kwenye mashine ambayo bado ina moto. Zima choki, chomoa kamba ya kuzimia ili cheche isitoke karibu na mvuke wa petroli, fungua plagi, zikaushe kwa kitambaa, kisha vuta kamba ya kuwashia mara kadhaa plagi zikiwa nje ili mashine ipumue. Rudisha plagi, rudisha kamba ya kuzimia, fungua mafuta nusu, uwashe bila choki.

Plagi uliyoishika mkononi isome kabla hujairudisha. Ikiwa na rangi ya kahawia, mwako ni mzuri. Ikiwa nyeusi na yenye ulojo, oili imezidi au si ya aina yake. Ikiwa nyeupe kama imechomwa, mashine inakula hewa nyingi kuliko petroli, na hapo soma sehemu ya Mbeya na Kyela hapa chini, maana hiyo ni hatari.

Kuhusu oili: kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 1 ya petroli inachukua mililita 20 za oili, na dumu la lita 20 linachukua mililita 400. Zipo mashine ambazo kitabu chake kinasema 100 kwa 1, basi fuata kitabu. Oili iwe ya mashine za boti, ile iliyoandikwa TC-W3 kwenye chupa. Oili ya injini ya bodaboda si ya kuchanganya na petroli. Inaacha masizi kwenye plagi na kwenye pete za pistoni, na mwenye boti anajikuta kila wiki anasugua plagi akidhani amenunua plagi feki.

Inawaka, inakwenda dakika chache, inazima

Hii ndiyo dalili inayosumbua kuliko zote kiangazi, na ndiyo inayowapotezea watu pesa nyingi kwa mafundi bila sababu. Mazungumzo kama haya ni ya kawaida mwaloni:

"Shikamoo fundi. Mashine imekufa, nadhani ni kabureta."

"Marahaba, mwanangu. Hewa ya tangi umefungua?"

Kwenye kifuniko cha tangi kuna skrubu ndogo ya hewa. Wakati wa kubeba tangi unaifunga ili petroli isimwagike, na wakati wa kuendesha unaifungua. Ukisahau, mashine inanyonya petroli na hewa haiingii kujaza nafasi, mpaka inashindwa kunyonya. Utaona mbavu za tangi la plastiki zimebonyea kuelekea ndani. Fungua ile skrubu, utasikia tangi linavuta pumzi, na safari inaendelea.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni jua. Tangi lililofungwa hewa likaachwa mchana kwenye mchanga wa Matema linavimba, na ukiliunganisha na mashine presha inasukuma petroli kwenye kabureta bila kuombwa. Mashine inalewa kabla hujaigusa. Legeza hewa kwanza, ndipo uunganishe mpira, na safarini lifunike tangi kwa gunia lililoloweshwa.

Kama hewa iko wazi na bado inazima, acha pampu ya mpira ikwambie. Mashine inapoanza kukohoa, ishike. Ukiikuta imenywea, imebanwa bapa, kizuizi kiko kati yake na tangi: chujio lililo ndani ya tangi limejaa uchafu, au mpira umekunjwa chini ya mzigo. Ukiikuta ngumu, petroli imefika kwenye mashine lakini haipiti huko ndani, basi tafuta kwenye filta ndogo chini ya boneti, sindano ya kabureta iliyoganda, au jeti (kitundu cha kupitishia petroli) iliyoziba. Ukiikuta laini, na ukiibonyeza mfululizo mashine inachangamka, basi ama hewa inaingia kwenye maungio ya mpira, ama ngozi ya pampu ya petroli iliyo kwenye mashine yenyewe imechoka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio kisha ubonyeze pampu. Panapovuja patatoa povu. Mpira uliopasuka kwenye ungio unaukata sentimita chache na kuurudisha. Ngozi ya pampu huibadilishi majini, lakini unaweza kufika nchi kavu kwa mtu mmoja kubonyeza pampu ya mkono njia nzima huku mwingine akishika usukani.

Halafu kuna maji ndani ya petroli. Watu wengi wanajaza madumu Mbeya au Tukuyu kwa sababu ya bei au safari, wanayaacha nusu, na usiku wa Juni na Julai wa nyanda za juu ni wa baridi kali. Unyevu wa hewa iliyo ndani ya dumu unageuka matone na kushuka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa, ambako ndiko mdomo wa mpira unakonyonya. Mashine inakwenda vizuri kwenye maji tulivu, na mawimbi yakianza kutikisa tangi inakohoa na kuzima. Mimina petroli kidogo ya chini ya tangi kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, iache itulie. Maji yataonekana chini yakiwa na mstari wake. Fungua pia skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na uyamwage kwenye kopo, si ziwani. Jaza madumu mpaka juu, acha nafasi ndogo tu ya kutanuka, na tumia chujio la faneli kila unapomimina.

Imetengenezwa Mbeya, imegoma Kyela

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mtu anapeleka mashine kwa fundi Mbeya mjini, inawashwa kwenye pipa la maji, inaunguruma vizuri kabisa. Anaishusha Kyela, kando ya ziwa, inazima kila akipunguza mafuta, inapiga chafya kwenye kabureta, na inapata moto. Anarudi kugombana na fundi, na fundi anaapa kwamba aliiacha nzima. Wote wawili wanasema kweli.

Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Katika mteremko huo hewa inakuwa nzito kwa zaidi ya asilimia 10. Fundi alisawazisha kabureta kwa hewa nyepesi ya mlimani, akapunguza petroli ili ilingane. Ziwani hewa inayoingia ni nyingi, petroli ni ileile, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Kwa mashine zinazochanganywa oili hatari inazidi, kwa sababu oili inaingia ikiwa imebebwa na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na pistoni inasuguana na silinda bila kinga. Plagi nyeupe niliyoitaja juu ndiyo ushahidi wa jambo hili.

Dawa ni kumwomba fundi akague mashine Mbeya lakini skrubu ya kabureta airudishe kwenye kipimo cha kitabu, kisha usawazishaji wa mwisho ufanyike ziwani, mashine ikiwa ndani ya maji na imeshapata moto wa kawaida, kwa kugeuza robo mzunguko kwa wakati. Kama alibadilisha jeti kubwa kuweka ndogo, hakikisha ya awali inarudishwa. Usiende mwendo wa kasi kabla ya hapo.

Maji hayatoki pembeni

Mashine ikiwa inafanya kazi lazima irushe uzi wa maji pembeni. Uzi huo ndio unaokwambia kwamba maji ya kupoza yanapanda. Ukikatika, punguza mafuta, geuka uelekee pa usalama, zima.

Inua mguu wa mashine utazame vitundu vya kunyonyea maji juu kidogo ya propela. Karibu na midomo ya mito ya Lufilyo, Mbaka na Kiwira utakuta nyasi na matope. Karibu na fukwe za wageni, mfuko wa plastiki umejibandika. Toa, shusha, jaribu tena. Kama bado, chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni na uzibue tundu lenyewe la kutolea maji, kwa maana mara nyingine maji yanazunguka vizuri ndani na ni tundu tu limezibwa na mchanga. Usitumie waya mgumu, utatoboa mpira ulio nyuma yake.

Ikishindikana, impela imekwisha. Impela ni gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji juu, na adui yake wa Matema ni mchanga. Wenye boti wanashua chombo kutoka ufukweni mashine ikiwa imewashwa na mguu unakuna chini. Kila dakika ya namna hiyo inasaga mabawa. Shua kwa mikono au kwa pondo mpaka maji yafike kiunoni, ndipo uwashe. Usiiwashe nchi kavu hata kwa sekunde za kuonyesha mnunuzi. Impela inategemea maji yaleyale kama kilainishi.

Mashine iliyopata moto sana usiimwagie maji baridi kichwani. Chuma hupasuka. Iache ipoe yenyewe.

Mashine inaunguruma, boti haiendi

Sauti inapanda, povu linatoka nyuma, boti imesimama. Zima, inua, shika propela kwa mkono.

Mashine ndogo zina pini laini inayokatika makusudi propela ikigonga kitu, ili gia zisivunjike. Pini ya akiba na koleo ndiyo tiba, kazi ya dakika chache. Usiweke msumari mahali pa pini. Msumari haukatiki, na kitakachokatika safari ijayo ni gia. Mashine kubwa zaidi zina mpira ndani ya propela badala ya pini. Mpira huo ukichoka unateleza: mwendo wa polepole boti inakwenda, ukiongeza mafuta inabaki kelele. Chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kitovu cha ndani mpaka sehemu ya nje ya propela. Baada ya kuendesha, mistari ikiwa imeachana, mpira umeteleza. Rudi polepole, utafika.

Kama propela ni nzima, tazama urefu wa tezi, ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Boti nyingi za mbao zimechongwa kwanza na mashine ikanunuliwa baadaye, hivyo mashine inakaa juu mno na propela inanyonya hewa, hasa abiria wakihamia mbele. Lile bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya boti au lishuke kidogo, kama sentimita 2 hivi. Fundi seremala anapunguza tezi kwa asubuhi moja.

Mtikisiko baada ya kugonga kitu

Hii ni habari ya Mtera zaidi. Bwawa lile lilifunika miti, na mashina makavu yamo mpaka leo. Maji yakijaa yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5. Njia uliyopita Mei bila kugusa kitu, mwezi Oktoba ina visiki chini ya kiganja kimoja cha maji. Ukiwa upande wa Migoli kiangazi, panda na mvuvi wa palepale akae omo, na uende mwendo wa kutembea. Viboko na mamba wamo, kwa hiyo usishuke majini kuangalia propela. Inua mguu wa mashine uitazame ukiwa ndani ya boti.

Bawa la propela lililopinda kidogo linatikisa mashine nzima na kulegeza boliti za tezi. Zikaze kabla ya safari inayofuata, na mashine iwe na mnyororo wa kuifunga kwenye boti.

Oili ya gia imegeuka rangi

Fungua skrubu ya chini ya mguu wa mashine kila mara baada ya kazi nyingi, utoe tone kidoleni. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sababu ya kawaida ziwani ni nyuzi za nyavu. Vua propela utazame nyuma yake: utakuta nailoni imejizungusha kwenye shafti, joto limeiyeyusha ikawa pete ngumu ya kijani inayong'aa, na pete hiyo imeingia kwenye sili, ule mpira unaozuia maji, na kuikata. Ikate kwa kisu bila kukwaruza shafti, badilisha sili, mwaga oili yote, weka mpya. Gia zikikaa kwenye maji mwezi mmoja, ni gharama nyingine kabisa.

Boti inaingiza maji

Boti ya mbao iliyopandishwa mchangani wiki kadhaa za jua inakauka, mbao zinasinyaa, kalafati (nyuzi za kuzibia maungio) inaachia. Ukiishua inavuja kila mahali. Iache imefungwa kwenye maji ya kina kifupi siku moja au mbili, ukitoa maji mara kwa mara, mbao zitavimba na kufunga. Uvujaji unaopungua hivyo si wa kukutisha. Ule unaobaki palepale, kwenye msumari mmoja au ungio moja karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, ni wa kukalafati upya kabla ya kubeba mtu yeyote. Kwa boti ya faiba, kwanza angalia kizibo cha chini. Halafu tafuta ufa pale boti inapokokotwa kwenye mawe.

Mashine ikitumbukia

Hutokea kwa boliti zilizolegea. Kitu cha kwanza ni kujua kama ilikuwa imewaka ilipozama. Kama ilikuwa imewaka na sasa kamba ya kuwashia haivutiki, usiilazimishe. Huenda maji yameingia silinda na kupindisha fimbo ya pistoni, na kulazimisha kunamaliza kilichobaki. Ipeleke kwa fundi.

Kama kamba inavutika, osha tope kwa maji safi, toa plagi, ilaze vitundu vya plagi vikitazama chini, vuta kamba polepole mpaka maji yaishe. Mwaga kabureta na mpira wa mafuta. Weka oili kidogo kwenye kila silinda, zungusha kwa mkono, rudisha plagi kavu, uiwashe ndani ya pipa kwa petroli mpya iungurume nusu saa. Fanya yote hayo siku ileile, ndani ya saa chache. Na kama fundi yuko mbali na huna vifaa, usiiache ufukweni ikauke: kutu huanza chuma kilicholowa kinapokutana na hewa. Irudishe ndani ya pipa la maji safi, izame yote, uisafirishe hivyo hivyo mpaka kwa fundi.